Vyumba vya hoteli mjini kwa familia kubwa msimu wa sikukuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye mtafuta vyumba. Tukikamilika tuko 9: watu wazima 4 na watoto 5, mkubwa ana miaka 16 na mdogo bado analala kwenye kitanda cha uzio. Kila sikukuu zikikaribia, ndugu na marafiki wenye familia kama yetu huniuliza maswali yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Karibu majibu yote yanaanzia mahali pamoja: usiulize chumba ni bei gani, uliza familia nzima italala kwa kiasi gani tangu siku ya kuingia hadi siku ya kutoka.

Kwa nini bei niliyoiona mwanzo inapanda nikijaza idadi yetu kamili?

Kwa sababu ile ya mwanzo ilikuwa bei ya watu 2. Tovuti nyingi za kutafutia hoteli, ukizifungua tu, zimeshajijazia watu wazima 2 na chumba 1. Ukiandika idadi yenu ya kweli, mfumo hufanya moja kati ya mambo mawili: hutoza kila mtu anayezidi, au huwagawia vyumba vitatu ambavyo huenda haviko hata ghorofa moja. Jaza idadi kamili na umri wa kila mtoto tangu mwanzo, kabla hujaipenda picha yoyote.

Ugomvi wa kutozwa mtoto wa ziada ni wa zamani. Mwaka 1951 Kemmons Wilson, mjenzi wa nyumba wa Memphis nchini Marekani, alisafiri kwa gari na mkewe na watoto wao 5 kwenda Washington. Njiani moteli zilimtoza dola 2 zaidi kwa kila mtoto, ingawa wote walibanana chumba kimoja. Alirudi amekasirika, na mwaka 1952 akafungua Memphis hoteli ya kwanza ya Holiday Inn, ambako mtoto aliyelala chumba cha wazazi wake hakutozwa. Kampuni nyingi zimefuata mtindo huo. Ila soma masharti vizuri. "Mtoto halipi" kwa kawaida maana yake ni kwamba halipi akilala kwenye vitanda vilivyomo tayari. Kitanda cha ziada kina bei yake, na kifungua kinywa kina yake.

Tuweke nafasi mapema, au tusubiri bei zishuke dakika za mwisho?

Mtu mmoja anaweza kusubiri. Familia ya watu 7, 8 au 9 isisubiri.

Hoteli ya mjini imejaa vyumba vya watu 2. Vyumba vya watu 4 au 5 ni vichache, na hivyo ndivyo vinavyoondoka kwanza msimu wa sikukuu. Bei ikishuka siku za mwisho, inashuka kwenye vile vilivyobaki, na vilivyobaki si vyenu. Nimeshaona wiki moja kabla ya sikukuu hoteli ina nafasi tele na bado hakuna mahali pa kuwalaza watu 5 pamoja.

Ninachofanya mimi ni hiki. Hoteli nyingi hufungua kalenda yao miezi mingi kabla, nyingine karibu mwaka mzima. Mara tarehe zetu zikieleweka, hata kama si kwa uhakika, naweka nafasi kwa bei inayoruhusu kufuta bila kukatwa. Bei hiyo huwa juu kidogo kuliko ile isiyorudishwa, na tofauti hiyo naihesabu kama bima. Kisha narudi kuangalia kila baada ya wiki mbili au tatu. Nikikuta bei imeshuka, naweka nafasi mpya kwanza, nasubiri uthibitisho ufike, ndipo nafuta ya zamani. Ukigeuza mpangilio huo unaweza kujikuta huna chochote.

Andika kwenye kalenda ya simu siku ya mwisho ya kufuta, na saa yake. Saa inayotumika ni ya mji wa hoteli, si ya kwenu. Msimu wa sikukuu hoteli nyingi pia huiwahisha siku hiyo: mahali ambapo kwa kawaida ungefuta siku moja kabla, sasa wanataka wiki moja au mbili.

Je, sikukuu zote zina bei sawa?

Hapana, na hata ndani ya sikukuu moja bei hazilingani. Kwenye miji ya biashara, hoteli zilizozungukwa na ofisi huishi kwa wasafiri wa kikazi. Ofisi zikifungwa, vyumba hubaki vitupu na bei hulegea. La Défense nje kidogo ya Paris, au Canary Wharf na eneo la mabenki la City jijini London, mara nyingi huwa na bei nafuu wikendi na siku za mapumziko, wakati hoteli za mtaa wa watalii zinapandisha. Ukifika utakuta mitaa imetulia mno na migahawa mingi imefungwa, lakini treni zipo na vyumba ni vya kisasa. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuanzia kutafuta.

Halafu kuna kusogeza tarehe. New York hufurika watu Desemba hadi mwaka mpya, kisha Januari na Februari bei huanguka. Familia ambayo likizo ya shule inaendelea baada ya mwaka mpya inapata afueni kubwa kwa kuchelewa siku chache tu. Japani nayo ina wiki yake ya sikukuu mfululizo, inayoanza 29 Aprili hadi siku za mwanzo za Mei, na nchi nzima husafiri kwa pamoja. Makka, kumi la mwisho la Ramadhani lina bei zake peke yake. Na kumbuka kuwa Idi husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo bei uliyoipata mwaka juzi huenda ilikuwa ya msimu mwingine kabisa.

Angalia pia kalenda ya mji wenyewe. Mbio za marathoni au maonyesho makubwa ya biashara yanaweza kupandisha bei kuliko sikukuu.

Kipi bora: chumba kimoja kikubwa, viwili vyenye mlango wa kupitana, au vyumba tofauti?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea au kuokolewa.

Anza na hesabu ya kichwa. Chumba cha watu 4 kikigharimu mara moja na nusu ya chumba cha watu 2, kila kichwa kinalala kwa robo tatu ya gharama. Chumba cha familia kinaonekana ghali ukikitazama peke yake, lakini mara nyingi ndicho rahisi. Hata hivyo si kila mara. Msimu wa kilele vyumba hivyo hugombaniwa, na vyumba viwili vya kawaida kwa pamoja vinaweza kuwa chini ya kimoja cha familia. Jaribu njia zote kwa tarehe zile zile. Hesabu ni ya dakika kumi tu.

Pili, jua tofauti ya maneno. Vyumba jirani ni vyumba vinavyofuatana kwenye ujia, na ili uende kwa watoto lazima utoke nje. Vyumba vya kupitana vina mlango wa ndani kati yao. Mwenye watoto wadogo anataka hivi vya pili. Tatizo ni kwamba hoteli nyingi huvichukulia kama ombi, si ahadi: unaandika, wanajibu "tutajitahidi", unafika unakuta chumba kimoja ghorofa ya 3 na kingine ya 7. Mwaka 2021 Hilton walianza kuthibitisha vyumba vya kupitana palepale unapoweka nafasi kwenye tovuti yao, na hilo liliwapunguzia wazazi wengi wasiwasi. Kwingine, pata ahadi kwa maandishi kutoka hotelini kwenyewe.

Tatu, hesabu vitanda, si "nafasi za kulala". Hoteli ikiandika kuwa chumba kinalaza watu 6, mara nyingi wawili kati yao wanalala kwenye kochi linalokunjuliwa. Kochi hilo linawatosha watoto wawili wadogo. Kijana wa miaka 16 atalalamika hadi siku ya kuondoka, nami simlaumu. Uliza pia mabafu ni mangapi. Watu 6 na bafu moja, asubuhi ya sikukuu, wote wanataka kutoka saa mbili: hilo halimo kwenye picha.

Tunaweza kuandika watoto wachache kuliko tulio nao?

Msifanye. Idadi ya juu ya watu chumbani mara nyingi inafungwa na kanuni za usalama wa moto, na mpokezi hana mamlaka ya kuivunja hata kama ana huruma. Mkigundulika mtauziwa chumba cha pili kwa bei ya siku hiyo, ambayo ni mbaya kuliko zote.

Watoto wanahesabiwa kuanzia umri gani?

Kila hoteli na mstari wake. Kwingine mtoto ni hadi miaka 11, kwingine hadi 15 au 17. Kwa hiyo hoteli mbili zenye bei sawa kwa watu wazima zinaweza kuachana sana mkiwa na vijana wawili. Jaza umri watakaokuwa nao siku ya kuingia, hasa kama kuna siku ya kuzaliwa katikati.

Nchini Japani hoteli nyingi hutoza kwa mtu badala ya chumba, ila kuna kawaida ya kumruhusu mtoto mdogo alale bure kitanda kimoja na mzazi, bila kupewa matandiko yake. Tafuta kipengele hicho kwenye masharti. Ufaransa, kodi ya watalii inayotozwa kwa kila mtu kila usiku haiwahusu walio chini ya miaka 18. Kwa familia yenye watoto 5 si haba, na hakikisha mapokezi hawajawahesabu.

Kwa nini tusikodi tu fleti nzima?

Mara nyingi ndilo jibu sahihi: jiko, mashine ya kufulia, sebule ya kukaa pamoja. Lakini kwenye miji kadhaa mikubwa sheria imeufunga mlango huo kwa familia kubwa. New York, tangu Septemba 2023, jiji linasimamia kwa ukali kanuni kwamba nyumba ikikodishwa kwa chini ya siku 30 mwenyeji lazima awepo humo na wageni wasizidi 2. Amsterdam, mwenye nyumba anayeikodisha kwa watalii haruhusiwi kupokea zaidi ya watu 4 kwa wakati mmoja. Tangazo la "fleti nzima, watu 9" katika miji hiyo likupe shaka badala ya furaha: likiondolewa wiki ya safari, mtakuwa mnatafuta vyumba siku ambayo vimekwisha.

Njia ya katikati ni hoteli za fleti. Zina leseni ya hoteli, zina mapokezi, lakini kila nyumba ina jiko dogo na chumba cha kulala zaidi ya kimoja. Adagio na Citadines ni majina yanayojulikana Ulaya, na Residence Inn Marekani. Nyingi hushusha bei ya usiku mkikaa wiki nzima. Jiko lenyewe ni punguzo: watu 9 wakila nje mara tatu kwa siku, chakula kinaweza kuipita bei ya kulala. Hata kuandaa kifungua kinywa tu wenyewe kunabadilisha hesabu.

Usisahau kuuliza ada ya usafi. Hutozwa mara moja kwa ukaaji wote, kwa hiyo kwa usiku 2 inauma na kwa usiku 7 haionekani.

Hosteli si za vijana wenye mabegi ya mgongoni?

Zilianza na watoto wa shule. Mwalimu Mjerumani, Richard Schirrmann, alifungua hosteli ya kudumu kwenye ngome ya Altena mwaka 1912 ili wanafunzi wanaotembea kwa miguu wapate pa kulala. Leo hosteli nyingi za mijini zina vyumba vya faragha vyenye vitanda 4 hadi 6 na bafu ndani. Mkikichukua chumba chote, hakuna mgeni anayeingizwa. Watoto huvipenda vitanda vya ghorofa kuliko hoteli yoyote ya nyota 5. Kwa bibi mwenye magoti mabovu, uliza kitanda cha chini na lifti.

Likizo ndefu za kiangazi pia hufungua mabweni ya vyuo vikuu. London School of Economics, kwa mfano, hukodisha vyumba vya wanafunzi katikati ya London wanafunzi wakiwa likizo. Vingi ni vya mtu mmoja au wawili, kwa hiyo vinafaa zaidi familia yenye vijana wakubwa. Wenye watoto wachanga watafute kwingine.

Tulale nje ya mji ili tuokoe?

Piga hesabu ya nauli ya watu wote, kwenda na kurudi, kila siku. Ukiwa peke yako, nusu saa ya treni ni kitu kidogo. Mkiwa 9, nauli inaweza kumeza chote mlichookoa, na usiku mkichoka teksi moja haiwatoshi.

Lakini kabla hujakata tamaa, angalia msamaha wa watoto. Kwenye treni za chini ya ardhi za London, watoto wa chini ya miaka 11 husafiri bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa, hadi watoto 4 kwa kila mtu mzima. New York hupima urefu badala ya umri: hadi watoto 3 wasiozidi inchi 44, yaani kama sentimita 112, huingia bure na mtu mzima mmoja. Familia yenye wadogo wengi inaweza kulala mbali bila kuumia.

Sikukuu zina mtego wake. London, tarehe 25 Desemba, treni na mabasi ya umma hayafanyi kazi kabisa. Aliyelala pembezoni kwa ajili ya bei nafuu atashinda hotelini siku ile ile aliyoijia, au atalipia teksi mbili. Kama mnakwenda huko Krismasi, usiku wa 24 na 25 mlale mahali mnapoweza kutembea kwa miguu hadi mnakotaka kufika. Siku nyingine kaeni popote penye kituo karibu. Kuhama hoteli katikati ya safari kunachosha, ila tumefanya mara moja na hesabu ilitulipa.

Gharama gani hazionekani kwenye bei ya kwanza?

Kodi ya jiji, ada ya huduma za hoteli, maegesho, kifungua kinywa, kitanda cha ziada. Marekani, tangu Mei 2025, kanuni ya serikali kuu inazitaka hoteli zionyeshe tangu mwanzo bei yenye ada zote za lazima, kodi za serikali zikiwa kando. Kwingine endelea kubofya hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, ndipo ulinganishe.

Kuna pia amana. Mkiingia, hoteli nyingi hushikilia kiasi fulani kwenye kadi kwa kila chumba, na fedha hizo huchukua siku kadhaa kuachiwa baada ya kutoka. Vyumba vitatu ni amana tatu. Kama kadi yenu ni ya akaunti ya kawaida yenye fedha za matumizi ya safari, mnaweza kujikuta mmekauka siku ya kwanza. Waulize kiasi mapema. Na mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya pale mlipo, chagua ya pale. Ubadilishaji unaofanywa na mashine karibu kila mara una kiwango kibaya kuliko cha benki yako.

Kupiga simu hotelini kuna faida yoyote siku hizi?

Kwa familia kubwa, ndiyo, kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Mifumo ya mtandao haijui kwamba chumba cha 412 na 414 vina mlango katikati, wala kwamba kitanda cha mtoto mchanga hakihesabiwi. Mtu wa vyumba pale hotelini anajua. Tafuta bei mtandaoni kwanza, kisha piga mchana wa siku ya kazi, si asubuhi watu wanapotoka wala jioni wanapoingia, na uombe idara ya kuweka nafasi.

Mimi husema hivi: "Habari za mchana. Tuko watu wazima wanne na watoto watano, usiku nne, kuanzia tarehe hii. Mtandaoni nimeona bei hii kwa vyumba vitatu. Je, mnao mpangilio wa vyumba viwili unaotutosha? Nikiweka nafasi kwenu moja kwa moja, mnaweza kuniongezea nini?" Halafu nanyamaza. Mara nyingi bei haishuki, lakini kifungua kinywa cha watoto kinaingia bure, au maegesho. Bei ya kikundi msiitegemee, kwani kwa kawaida huanzia vyumba 10, ila ukoo mzima mkisafiri pamoja mnaweza kuifikia.

Ukikata simu, waandikie barua pepe yenye yote mliyokubaliana na uombe wajibu.

Nitajuaje tangazo ni la kitapeli?

Linakutaka ulipe nje ya tovuti uliyolikuta. Bei iko chini kupita kiasi kwenye wiki ambayo mtaa mzima umejaa. Siku hizi kuna mbinu nyingine: unapata ujumbe unaojua jina lako na tarehe zako, ukisema nafasi itafutwa usipothibitisha kadi kupitia kiungo fulani. Usibofye. Piga namba ya hoteli uliyoitafuta mwenyewe, uwaulize.

Itakuwaje tukifika tukaambiwa vyumba vimejaa?

Ilitupata mara moja. Ndege ilichelewa, tukaingia karibu saa sita usiku, na kati ya vyumba vyetu vitatu kimoja kilikuwa kimeshapewa mtu. Hoteli huuza vyumba zaidi ya ilivyo navyo zikitegemea kwamba wengine hawatatokea, na anayechelewa bila taarifa ndiye anayeonekana hatatokea. Sikuwa nimepiga simu. Kosa la kuuza zaidi lilikuwa lao, la kunyamaza langu.

Mkikutwa na hilo, msiondoke mapokezi. Mmoja akae na watoto kwenye viti, mwingine abaki na uthibitisho mkononi. Kwa kawaida hoteli iliyouza kupita kiasi huwatafutia wageni chumba kwingine na kulipia usiku huo pamoja na usafiri, lakini mara nyingi lazima uombe. Familia yenu isigawanywe kwenye hoteli mbili: ombeni wawahamishe wageni wa chumba kimoja waliokuwa bado hawajafika, nanyi mbaki wote. Usiku ule ilituchukua saa nzima, wakatuwekea vitanda viwili vya ziada kwenye vyumba tulivyobakiwa navyo bila malipo, na asubuhi chumba cha tatu kikapatikana. Tangu hapo, ndege ikichelewa hata saa moja, nawapigia nikiwa bado uwanjani.